Ugali Umekataa, Uji Unapita: Kula Upya Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Tumbo

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 38, mama wa watoto watatu, naishi Tanga na mume wangu na mama mkwe. Wiki 11 zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kubakisha mrija. Nilikuwa na kilo 121, sasa nina 103, na sukari yangu imeshuka. Shida yangu ni kula. Nikila ugali, tonge la pili au la tatu nasikia kitu kimekwama kifuani, mate yananijaa mdomoni, nikinywa maji ya kusukumia ndio natapika kabisa. Hunitokea kama mara nne kwa wiki. Kinachopita vizuri ni uji, nakunywa kutwa, pamoja na chai ya maziwa na andazi nikilichovya. Uzito umesimama, hii wiki ya tatu, na nywele zimeanza kutoka nikichana. Vitamini nilizopewa ziliisha, nikaona nimeshapona, sikununua nyingine. Mama mkwe anasema nimejitia ugonjwa kwa mikono yangu, na mtaani wanaulizana kama naumwa. Ramadhani inakaribia na nataka kufunga. Je, nitakuja kula kama watu wengine?

JIBU

Marahaba, dada yangu, na pole kwa hayo unayopitia. Nianze na swali ulilomalizia, maana naona ndilo lililobeba mengine yote. Ndiyo, utakula ugali tena, utakula wali wa nazi, na sikukuu utakaa na wenzako mle pamoja. Kiasi ndicho hakitarudi kuwa cha zamani, na namna ya kula utajifunza upya, pole pole, kwa miezi.

Kabla ya habari za jikoni kuna jambo la hospitali lisilosubiri. Unatapika mara nne kwa wiki na umeacha vitamini. Mambo hayo mawili yakikutana, mwili huishiwa haraka vitamini B1, yaani thiamini, kwa sababu akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu. Upungufu huo hushambulia mishipa ya fahamu na ubongo. Dalili zake ni ganzi au kuungua nyayoni, miguu kukosa nguvu, kuona vitu viwili viwili, kuyumba ukitembea, na kuchanganyikiwa. Ukiona hata moja, usingoje kesho.

Nakuomba wewe na mume wako mkariri maneno haya: "Nimefanyiwa upasuaji wa tumbo, nimekuwa nikitapika, naomba sindano ya B1 kabla ya dripu ya sukari." Kwenye zahanati nyingi, mtu akifika ametapika na hana nguvu, kitu cha kwanza ni kutundikiwa dripu. Glukosi ikiingia kwa mtu aliyeishiwa B1 humaliza kile kidogo kilichobaki, na ubongo unaweza kuumia moja kwa moja. Muuguzi hawezi kujua historia yako kwa kukutazama. Lazima aambiwe.

Hata kama huna dalili hizo, wiki hii rudi kwa daktari aliyekupasua au kliniki yake, ueleze kutapika huko na uanze vitamini upya. Ukifika mahali hata maji hayapiti, au chakula laini kilichokuwa kinapita zamani sasa kinarudi, inawezekana mrija umebana sehemu fulani. Hilo huangaliwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, na pakionekana pamebana hutanuliwa. Homa, maumivu makali ya tumbo, moyo kwenda mbio hata umetulia, au choo cheusi kama lami: hayo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.

Sasa tuje kwenye ugali.

Mfuko wa chakula wa mtu mzima hutanuka ukabeba lita moja na zaidi. Katika upasuaji uliofanyiwa, asilimia 75 hadi 80 ya mfuko huondolewa, ukabaki mrija unaobeba mililita 100 hadi 150, yaani kama nusu glasi. Sehemu iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikitanuka, na ndiyo iliyokuwa ikitoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini. Ndiyo maana miezi hii ya mwanzo unaweza kushinda mpaka mchana bila kusikia njaa.

Tazama mkono wako unapokula ugali. Unamega, unafinyanga kiganjani mpaka tonge linashikana, unabonyeza kwa kidole gumba kutia kishimo, unachota mchuzi, unatia mdomoni. Baada ya hapo wengi wetu tunageuza mara mbili tatu na kumeza. Mchuzi ndio unaoteremsha, meno hayapewi kazi kubwa. Mfuko wa zamani ulikuwa na nafasi ya kulipokea tonge hilo na kulisaga kwa muda wake. Mrija hauna nafasi hiyo. Tonge la kwanza linakaa, la pili linalala juu yake, la tatu linasubiri kwenye umio. Mwili nao hutoa mate mengi yenye povu ili kulainisha kilichokwama, na hayo ndiyo unayosema yanakujaa mdomoni. Ukiongeza maji hayana pa kwenda ila kurudi juu, na yanarudi na kila kitu.

Kwa hiyo chanzo ni ukubwa wa tonge, jinsi lilivyofinyangwa, na kumezwa bila kutafunwa. Chapati na mkate mweupe nazo ni hivyo hivyo, kwa sababu zikikutana na mate hugeuka donge. Wali mkavu wa jana pia. Nyama choma na pweza nyuzi zake hazivunjiki kirahisi. Supu ya pweza kunywa, pweza mwenyewe mwache kwanza.

Uache ugali kwa wiki tatu au nne zijazo. Katika kipindi hicho wanga wako utoke kwenye boga lililopondwa, kiazi kitamu, gimbi laini, au ndizi mbichi zilizopikwa zikaiva sana. Ukirudi, ugali uwe laini kuliko unaopikiwa wengine, uule mwisho baada ya samaki au maharage, na kila unachomega kiwe na ukubwa wa punje ya harage. Usifinyange. Utafune ingawa utaona hauna cha kutafuna. Siku ya kwanza vipande vitatu au vinne vinatosha, hata kama umeona vimepita vizuri.

Uji, kwa maoni yangu, ni shida kubwa kuliko ugali, ingawa wewe umeuandika kama nafuu yako. Unapita kwa sababu ni maji maji. Hautulii kwenye mrija, unateremka utumboni baada ya muda mfupi, na baada ya saa moja una nafasi ya kikombe kingine. Kikombe kikubwa cha uji wenye vijiko viwili vya sukari kina kalori 150 hadi 200, na protini gramu 2 au 3 tu. Vikombe vitano kutwa, ukijumlisha chai ya maziwa na maandazi ambayo ni ngano, sukari na mafuta, umekula kalori za kutosha kuzuia uzito usishuke, na wakati huo huo misuli yako haijapata cha kujijengea. Upasuaji ulikuwekea mlango mwembamba kwa chakula kigumu. Kwa vitu vya maji maji vyenye sukari, hakuna mlango wa kuvizuia.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mtu anayetapika hukimbilia kwenye kile kisichomtapisha, na hilo linaeleweka kabisa. Anaanza na uji, kisha juisi ya embe, kisha biskuti za kuchovya, kisha aiskrimu ya watoto. Vyote vinapita bila maumivu. Baada ya mwaka mmoja au miwili kilo zinaanza kurudi na mwenyewe haelewi, maana anaona hali chakula kingi. Ni kweli hali kingi, ila chote anachokula ni laini na kitamu. Kwa mtu aliyepunguzwa tumbo, kinachopita kwa raha ndicho cha kuchunga.

Utaniambia uji wenu ni wa lishe, umechanganywa mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga. Soya na karanga zina protini kweli, lakini katika mchanganyiko wa kawaida nafaka ndizo nyingi, na ukishaongeza maji mpaka upite, protini inayobaki kwenye kikombe ni kidogo. Sikukatazi kabisa. Bakisha kikombe kimoja kidogo asubuhi, kipikwe kwa maziwa badala ya maji, bila sukari, na ukishaepua ukoroge vijiko viwili vya maziwa ya unga. Vikombe vingine vyote vya siku viishe. Andazi na chapati viondoke kwa sasa.

Lengo lako la kila siku ni protini gramu 60 hadi 80. Kwenu, kama kwetu sote, ugali au wali ndio chakula, na kitoweo huja kusindikiza. Kwako mpangilio huo unageuka. Samaki, yai, kuku, maharage au mtindi unaanza. Mboga inafuata. Wanga unakuja mwisho ikiwa pamebaki nafasi, na usipokuja hujapoteza kitu. Mtu mwenye nusu glasi ya nafasi akianza na wanga, protini haitaingia tena.

Nikupigie hesabu ya siku moja kwa vyakula vya Tanga. Saa moja asubuhi, mayai mawili ya kukoroga, yasikaangwe yakakauka: gramu 12. Ukishindwa kumaliza, bakisha, urudi baada ya saa mbili. Saa nne, kikombe cha mtindi usio na sukari: gramu 8. Saa saba mchana, kipande cha changu au tasi kisichozidi nusu ya kiganja chako, kilichochemshwa au kupikwa mchuzi mwepesi na kuchambuliwa miiba, na kijiko cha mchicha ulioiva sana: gramu 13 hivi. Saa kumi, glasi ya maziwa yenye kijiko kikubwa cha maziwa ya unga, unywe kidogo kidogo kwa nusu saa: gramu 10. Saa moja usiku, nusu kikombe cha maharage au choroko zilizopondwa, na kuku aliyechambuliwa nyuzi nyuzi, kiasi cha vijiko vitatu vya chakula: gramu 17 au 18. Umefika 60 bila kununua kopo la unga wa protini. Kama unalo na unalimudu, sawa, soma tu lebo uone kiasi cha sukari, lakini sipendi kuona familia inabana ada ya mtoto ili kununua kopo hilo.

Na kuna dagaa mchele, ambao kwenu wanapatikana. Waoshe mchanga utoke, wakaushe juani, wakaange bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, kisha utwange kwenye kinu au usage kwenye blenda. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini, na kwa kuwa unakula na mifupa yake unapata kalisi pia. Kijiko kimoja cha chakula cha unga huo juu ya boga au maharage yaliyopondwa kinakuongezea gramu 4 hivi. Angalia chumvi tu, maana dagaa wengine hukaushwa nayo, hasa kama una presha.

Namna ya kula ina uzito sawa na unachokula. Kaa chini, simu iwe mbali. Tumia kisahani cha chai na kijiko cha chai. Tia kidogo, tafuna mara 20 au zaidi mpaka kilainike kabisa, meza, kisha weka kijiko chini kabla ya kuchota tena. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30, na usizidi nusu saa, maana ukiuburuza saa nzima utajikuta umekula mara mbili.

Ishara ya kushiba nayo imehama. Zamani ulishiba tumbo likijaa. Sasa utasikia kubanwa kidogo chini ya chembe ya moyo, au kwikwi moja, au pua kuanza kutoa makamasi mepesi, au pumzi ndefu ikutoke yenyewe. Wengine hupiga chafya. Chunguza ya kwako ni ipi, kwa sababu huwa ni ile ile kila siku. Ikija, weka kijiko chini, hata kama kipande kilichobaki ni kitamu na umekilipia. Kijiko kimoja baada ya ishara hiyo ndicho kinachotapisha. Na makombo ya watoto usiyamalize wewe. Kina mama wengi walilelewa wasitupe chakula, na mkono unakwenda wenyewe kwenye sahani ya mtoto. Yafunike, yawekwe.

Maji yanataka nidhamu ya peke yake. Unahitaji kama lita 1.5 kwa siku, na huwezi kunywa glasi nzima kwa mkupuo. Chukua chupa ya nusu lita, ujaze mara tatu kwa siku, uende nayo kila mahali, unywe mafunda madogo. Wakati wa kula chupa iwekwe mbali, na baada ya kula subiri nusu saa. Hili la kutokunywa na chakula ndilo gumu kwa wengi, kwa sababu tumezoea glasi ya maji pembeni ya sahani, lakini kwako maji ya kusukumia ndiyo yanayogeuza kukwama kuwa kutapika. Soda usinywe, hata isiyo na sukari, gesi yake itakuumiza.

Kuhusu uzito kusimama, wiki mbili tatu za kusimama hutokea kwa karibu kila mtu katika miezi ya mwanzo, kisha hushuka tena. Peke yake isingenitisha. Kwako wewe nadhani uji na maandazi vimechangia, na ukibadilisha utaona. Pima mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi. Mizani ya kila siku inatesa bure.

Nywele nazo zina maelezo. Mwili ukipata mshituko mkubwa kama upasuaji na kukonda haraka, vinyweleo vingi huingia kwenye mapumziko kwa pamoja, na nywele huanza kudondoka kama miezi mitatu baadaye, yaani pale pale ulipofika. Kudondoka huendelea miezi kadhaa, kisha huota tena. Huwezi kuzuia kudondoka huko kabisa, lakini ukikosa protini, chuma na zinki kutaendelea zaidi ya muda wake. Vidonge vya nywele vinavyouzwa kwa bei kubwa havitafanya kazi ya yai na samaki. Suka mtindo usiovuta, acha dawa za kulainisha kwa sasa.

Vitamini ni za maisha yako yote, hata ukijisikia mzima kiasi gani. Upungufu hauonekani mapema, na ukionekana umeshakuwa mkubwa. Utahitaji multivitamini kamili kila siku, B12 ya kumeza au sindano ya kila mwezi, kalisi miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku ikigawanywa mara mbili au tatu, vitamini D, na chuma. Mwanamke anayeona siku zake kama wewe mara nyingi huhitaji chuma miligramu 45 hadi 60. Daktari atakupangia kwa kuangalia damu yako. Chuma na kalisi viachane saa mbili, maana vinazuiana, na chuma usimeze na chai wala maziwa. Najua chai ya maziwa ndiyo asubuhi ya Mtanzania, kwa hiyo chuma kiwe cha usiku wakati wa kulala. Damu ipimwe miezi mitatu, sita, kumi na miwili, kisha kila mwaka. Umekaribia kipimo cha kwanza.

Dawa zako za sukari, na za presha kama unazo, zipitiwe upya wiki hii hii. Umesema sukari imeshuka. Kama bado unameza dozi ya zamani, hasa ya glibenklamaidi au dawa za jamii yake, au unachoma insulini, sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka. Ukiumwa kichwa au mgongo, tumia parasetamo. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hapa kwetu mtu hununua duka la dawa kama pipi, zinaweza kukutia vidonda kwenye mfuko uliobaki. Na mimba isubiri miezi 12 hadi 18 tangu upasuaji. Kukonda huamsha uzazi kwa wengi, hata waliokuwa wamekata tamaa, kwa hiyo mzungumzie uzazi wa mpango mapema.

Niseme kidogo kwa wasomaji wengine. Aliyefanyiwa upasuaji wa aina ya pili, wa kuunganisha kimfuko kidogo moja kwa moja na utumbo mwembamba, ana la ziada: sukari ikiingia kwa wingi, ndani ya nusu saa hivi moyo unaweza kwenda mbio, jasho kumtoka, tumbo kukata na kuharisha. Upungufu wa chuma, kalisi na B12 nao humpata kwa urahisi zaidi. Aliyewekewa puto tumboni, kama wanavyofanya hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, hajakatwa kitu, na puto litatolewa baada ya miezi kadhaa. Lakini kutafuna, kuanza na protini, na kuogopa vitamu vya kunywa ni mamoja kwa wote.

Mama mkwe. Nimesoma maneno yake na sidhani kama ana nia mbaya. Anaona mkwe wake amekonda ghafla, anatapika chakula alichokipika yeye, na hakuna aliyemweleza. Keti naye, mume wako akiwepo. Mwambie ilivyokuwa sukari yako na ilivyo leo, na umwambie wazi kuwa unatapika kwa sababu ya mfuko kuwa mdogo, wala si kwa chakula chake. Kisha umwombe msaada wa kweli. Mama wa Tanga anajua kuliko mimi namna ya kumpika samaki akawa laini. Mwombe akupikie kwa tui la pili, lile jepesi, tui la kwanza awawekee wengine. Mwombe akupondee choroko. Mtu aliyepewa kazi ya kukuuguza huacha kukulaumu.

Kwenye sinia, jipakulie kisahani chako mapema. Kula sinia moja na wengine kuna mwendo wake, mikono inakwenda pamoja na wewe utaifuata bila kujua. Harusini pokea sahani, kula kuku na kachumbari kidogo, pilau mpe aliye jirani. Wanaokukaribisha chakula mchana wajibu tu, "Ahsante, nimeshakula," na ukaribishe mazungumzo. Kula kabla hujatoka nyumbani, ili isiwe uongo.

Na mtaani. Kwetu mtu akikonda haraka watu hukimbilia kudhani ana ugonjwa anaouficha, na najua inavyouma. Huna deni la kumweleza kila mtu kilichokatwa tumboni mwako. "Daktari aliniambia nipunguze, na sukari imeshuka, alhamdulillah," inatosha, na ni kweli tupu. Chagua watu wawili au watatu wa kuwaambia yote, kwa sababu utawahitaji. Kuna siku utalia kwa kukosa tu raha ya kula mpaka ushibe. Huzuni hiyo ni ya kweli, usijione mjinga. Chakula kilikuwa kinakuliwaza, na sasa hakiwezi tena kazi hiyo. Ikikaa wiki nzima haiondoki, au ukaanza kukosa usingizi na hamu ya kila kitu, mwambie daktari, itibiwe kama dalili nyingine yoyote.

Nimeiacha Ramadhani mwisho kwa sababu najua uzito wake kwako. Mwaka huu usifunge. Angalia muda ulionao: kutoka magharibi hadi alfajiri ni saa 11 kasoro, na humo ulale, uswali. Kwenye saa zinazobaki utie lita 1.5 za maji kwa mafunda, gramu 60 za protini kwa vijiko vya chai, na nusu saa ya kusubiri kila baada ya mlo. Mfuko wa wiki 11 hauwezi. Utakosa maji, figo zitalemewa, na kutapika kutazidi. Wagonjwa wameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, na wewe bado ni mgonjwa anayeuguza kidonda cha ndani. Mweleze sheikh unayemwamini hali yako kama ilivyo, atakuongoza kuhusu kadha, yaani kuzilipa siku hizo. Futarini kaa na familia, kula samaki wako, acha kaimati na uji wa sukari.

Mwakani utakuwa umepita mwaka mmoja. Mwezi mmoja kabla ya mfungo nenda ukapime damu, daktari apange dawa zako upya ziendane na futari na daku, na ujaribu kwanza siku moja moja za sunna uone mwili unavyojibu. Ukiruhusiwa, fungua kwa tende moja na mafunda ya maji, swali, kisha nusu saa baadaye anza na kitoweo. Daku usiikose hata siku moja, na iwe na mayai au maharage. Ukisikia kizunguzungu, mkojo umekuwa wa njano iliyokolea, au sukari imeshuka, fungua siku hiyo hiyo.